Tairi la jina kubwa, la bei nafuu au la mtumba? Ulinganisho kwa dereva wa Nakuru, Kisumu na Magharibi, pamoja na alainimenti

Kabla hujauliza bei, inama utazame matairi unayotaka kutupa. Yana habari ambayo muuzaji hatakupa. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ukikuta ukingo wa ndani umeisha ilhali wa nje ungali na meno, basi matairi utakayofunga leo yatakufa kifo hicho hicho, yawe ya Japan, ya China au ya Ufaransa.

Kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema, usije ukausoma ulinganisho wote ukidhani nimeficha kitu. Mwenye pesa ya kuhesabu asizimalize zote dukani kwa jina kubwa. Anunue tairi jipya la daraja la kati, na salio liende kwenye bushi na boljointi, yaani viungo vinavyoshikilia magurudumu chini ya gari, na kwenye alainimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu. Mtumba nauweka mwisho, nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza usome matairi yako ya zamani:

| Tairi limelika vipi | Sababu ya kawaida | Lipia nini kwanza |
|---|---|---|
| Kingo zote mbili zimeisha, katikati pazima | Upepo mdogo kwa muda mrefu | Geji yako mwenyewe. Kagua pancha na valvu |
| Katikati pameisha, kingo nzima | Upepo mwingi kupita kiasi | Hakuna. Fuata kipimo cha upepo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva |
| Ukingo wa ndani peke yake | Magurudumu yametazama nje, au yamelala kwa ndani kwa sababu springi zimeshuka ama bushi zimechoka | Bushi, boljointi na springi, halafu alainimenti |
| Meno makali upande mmoja kama msumeno | Magurudumu hayatazami mbele sawasawa | Tairodi (vyuma vinavyogeuza magurudumu) zikiwa nzima, alainimenti tu |
| Mabonde mabonde kuzunguka tairi | Shokabsoba zimekufa au balansi (mgawanyo sawa wa uzito wa gurudumu) imepotea | Shokabsoba, kisha balansi |

Dukani: jina kubwa dhidi ya bei nafuu

Sameer Africa, iliyokuwa ikitengeneza matairi ya Yana, ilifunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Leo ukiingia duka la matairi Nakuru au Kisumu utaona rafu iliyojaa bidhaa za nje: Michelin, Bridgestone, Yokohama, Pirelli na Continental kwa upande wa bei ya juu, Hankook, Kumho, Apollo na Maxxis katikati, kisha majina ya China ambayo mengine hukuwahi kuyasikia na mwaka ujao huenda usiyasikie tena. Si kweli kwamba tairi la China ni takataka. Yapo mazuri, na viwanda vingine vya majina makubwa viko huko huko China. Shida ya majina yasiyojulikana ni kwamba huna rekodi ya kutegemea: seti ya kwanza ikikufaa, hujui ya pili itakuwaje.

Tofauti inayofaa kulipiwa huonekana penye maji. Kwenye lami kavu ya Nakuru mjini, ukiendesha kilomita 50 kwa saa, huenda usihisi chochote kati ya tairi la bei ya chini na la bei ya juu. Nenda sasa Kericho saa tisa alasiri, mvua ikiwa imeanza kama ilivyo desturi yake, lori la chai mbele yako limekanyaga breki kwenye mteremko. Hapo mpira wenyewe, yaani mchanganyiko wake, ndio unaoamua utasimama wapi. Mpira mgumu wa bei ya chini mara nyingi hudumu vizuri lakini huteleza zaidi kwenye maji. Ndiyo maana sifa ya kwamba tairi fulani “haliishi” hainipendezi sana. Tairi lisiloisha linaweza kuwa pia lisiloshika.

Kuna alama ubavuni zitakazokusaidia kulinganisha, hasa kwa matairi ya magari madogo yaliyotengenezwa pia kwa soko la Marekani. Utaona neno TREADWEAR na namba, mfano 400, kisha TRACTION yenye herufi AA, A, B au C, na TEMPERATURE yenye A, B au C. Namba ya kwanza inakisia maisha ya meno: 400 inatarajiwa kudumu mara mbili ya 200. Viwanda hujipimia vyenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja kuliko ya viwanda viwili. Herufi za TRACTION ndizo za Kericho: zinapima kushika breki kwenye njia iliyolowa, gari likienda moja kwa moja. Chukua A au AA. Ukipewa lenye namba kubwa ya kudumu na TRACTION B, uliza kama lipo lingine. TEMPERATURE ni uwezo wa kuvumilia joto la mwendo, jambo la maana kwa anayeshuka kutoka Mau Summit hadi joto la Ahero na gari limejaa watu na magunia.

Alama za mwendo zisikutoe pesa bure. S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Kikomo cha gari dogo kwenye barabara kuu za Kenya hakizidi 110. Usishuke chini ya kile kiwanda cha gari kilichoandika, lakini pia usishawishike kulipia V kwa gari lililotoka kiwandani na S.

Namba ya uzito, hiyo usiifanyie mzaha. Ni ile inayotangulia herufi ya mwendo: 84 ni kilo 500 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615. Magari mengi ya kubeba abiria na mkate kati ya Kisumu, Bondo na Siaya hufungwa matairi ya gari dogo la saluni kwa sababu yanaingia kwenye rimu na ni rahisi. Gari lililoandikiwa 88 likifungwa 84 limepoteza kilo 60 kila pembe, na hiyo ni kabla abiria wa nne hajasogezewa wa tano. Matatu ya abiria 14 nayo hutumia matairi yenye C mwishoni mwa saizi, kama 195R15C, yenye ubavu mgumu zaidi. Tairi la kawaida la gari dogo haliingii mahali hapo hata likitosha kwa kipimo.

Mtumba wa Japan: kile kisichosemwa

“Hii ni ex-Japan, bosi, ona meno yalivyo.” Na kweli meno yapo. Ila geuza tairi utafute neno STUDLESS, au picha ndogo ya theluji ndani ya mlima, au meno yaliyokatwakatwa vimikato vyembamba kama nywele. Hilo ni tairi la majira ya baridi. Wajapani wengi wa kaskazini hubadilisha matairi msimu wa theluji unapoingia, na baadhi ya hayo hutufikia, yakiwa yamefungwa kwenye gari lililoagizwa au yakiwa peke yake. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu. Kisumu, ambako lami ya mchana inachoma kisigino, mpira huo huyeyuka haraka, gari hupepesuka kwenye kona, na breki kwenye maji huwa ndefu kuliko unavyotarajia. Nikiulizwa nichague kati ya studless yenye meno kamili na jipya la bei ya chini kabisa, nachukua jipya bila kufikiria mara mbili.

Umri nao. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, basi muuzaji aligeuze. Viwanda vingi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na litolewe likifika 10 hata kama meno yapo. Mimi kwa mtumba sivuki miaka minne, na hata kwa jipya nasoma tarehe, kwa sababu tairi “jipya” linaweza kuwa limekaa stoo miaka mitatu dirishani penye jua. Tazama pia nyufa ndogo chini ya meno na karibu na mdomo, kisha utie mkono ndani uhisi viraka. Kiraka kimoja katikati ya meno, kilichobandikwa kutoka ndani, si dhambi. Kiraka ubavuni ni sababu ya kuondoka.

Mtumba una mahali pake: speya, au gari unaloliuza mwezi ujao, au la shambani lisilotoka Njoro kwenda popote. Kwa safari ya familia kupanda Timboroa kwenda Eldoret, hapana. Matairi yaliyovikwa meno upya tuyaachie malori na mabasi, ambako yana mpango wake wa kukaguliwa.

Lami, murramu na udongo mweusi

Watu wa magari ya juu hapa kwetu hupenda A/T, tairi la njia zote, kwa sura. Linganisha na njia yako ya kila wiki, si na picha. H/T, la barabara kuu, ni kimya, hunywa mafuta kidogo na hushika vizuri lami iliyolowa. A/T lina meno makubwa na ubavu mnene, kwa hiyo huvumilia mawe ya Vihiga na murramu ya Subukia, lakini hulia barabarani na mara nyingi breki yake kwenye lami yenye maji ni hafifu kidogo. Kama robo tatu ya mwendo wako ni lami, chukua H/T. Anayeishi mwisho wa kilomita nane za matope huko Nandi au Trans Nzoia na kurudi kila jioni, A/T linajilipa. Udongo mweusi wa nyanda za Kano ni suala lingine: ukilowa unajaza meno ya A/T hadi yakawa duara laini, na hapo hata M/T, la matope, si dawa kamili. Ni afadhali kusubiri jua.

Wanaoinua Fielder na Demio kwa spesa ili zipite murramu wajue kwamba wamehamisha pembe za magurudumu. Kuinua bila alainimenti siku hiyo hiyo ni kuanza kula matairi kuanzia getini.

Manne au mawili?

Kwa Subaru na magari mengine yanayovuta kwa magurudumu yote manne muda wote, nunua manne. Kipenyo kikitofautiana sana mbele na nyuma, difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inalazimika kufanya kazi isiyoisha, na bei yake inazidi seti ya matairi.

Kwa gari la kuvuta mbele, mawili yanatosha, lakini yafungwe nyuma. Najua wengi hapa watabisha, na fundi naye atakuambia mbele ndiko kwenye kazi. Gari lenye matairi makuukuu nyuma likikutana na maji barabarani, mkia ndio unaotangulia, na dereva wa kawaida hana jinsi ya kuurudisha. Mbele ikiteleza, ukitoa mguu kwenye mafuta gari hujirudi. Vile vituta vidogo ndani ya mifereji ya tairi viko kwenye kina cha milimita 1.6, meno yakishuka hadi hapo tairi ni kipara rasmi. Ukiwa mtu wa Kericho au Kakamega, usingoje hadi huko, kwa maana mifereji yenye milimita tatu tayari imeanza kushindwa kutoa maji.

Alainimenti: kamba, leza au kamera

Magurudumu yana pembe tatu zinazojadiliwa. Tou ni kama ncha za mbele zinatazamana ndani au zimeachana nje. Kemba ni gurudumu kulala ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Kasta ni mwegamo wa mhimili wa usukani, unaoufanya usukani ujirudishe baada ya kona. Tou ndiyo mla matairi mkuu, na habari njema ni kwamba karibu kila gari huruhusu irekebishwe. Hesabu ya jiometri inatisha: gurudumu likikosea kwa nusu digrii tu, huburutwa kando karibu mita 9 kwa kila kilomita. Kutoka Nakuru hadi Kisumu, takriban kilomita 180, ni zaidi ya kilomita moja na nusu ya kuburutwa.

Weka hilo kwenye shilingi. Tuseme, kwa mfano tu, tairi nafuu ni 6,000 na hudumu kilomita 25,000. La jina ni 10,000 na hudumu 50,000. La kwanza ni senti 24 kwa kilomita, la pili senti 20. Jina kubwa limeshinda. Sasa tou ikiwa mbovu na yote mawili yakafa kilomita ya 12,000, nafuu ni senti 50 na jina kubwa ni senti 83. Ndipo ninaposema pesa ianzie chini ya gari.

Fundi wa jua kali mwenye kamba na utepe wa kupimia asidharauliwe. Akiwa makini anaweza kuweka tou ya mbele karibu na sawa, nawe ukafika mjini salama baada ya kubadilisha tairodi kijijini. Ila hapimi kemba wala kasta kwa uhakika, hajui magurudumu ya nyuma yanatazama wapi, na hakuachii karatasi. Mashine ya leza ya zamani inapima vizuri ikiwa imesawazishwa, na wengi hawaisawazishi. Mashine ya kamera, inayofunga vibao kwenye rimu zote nne na kusogeza gari mbele na nyuma kidogo kabla ya kusoma, ndiyo ninayoichagua, na siku hizi iko Nakuru na iko Kisumu. Bei inazidi ya kamba, lakini linganisha na bei ya tairi moja.

Hata hivyo mashine nzuri mikononi mwa mtu mwenye haraka haina faida. Nenda na maswali. Je, amepima upepo kabla ya kuanza? Je, ameshika gurudumu akalitikisa kukagua tairodi na boljointi? Kupima gari lenye bushi zilizokatika ni kupima kitu kitakachohama kwenye tuta la kwanza. Je, amechagua modeli na mwaka sahihi kwenye skrini? Usukani umenyooshwa na kufungwa kabla hajagusa tairodi? Mwisho, omba karatasi ya kabla na baada. Usitazame rangi ya kijani tu, tazama kushoto na kulia zikaribiane. Kemba ikitofautiana sana kati ya pande mbili gari litavuta, hata namba zote mbili zikiwa ndani ya kiwango.

Usilipie pia kisichorekebishika. Vitz, Demio na Fielder nyingi zina ekseli ya nyuma isiyo na boliti ya kurekebisha, na kemba ya mbele haina nafasi kubwa bila boliti maalumu. Akikuambia “tumeweka na ya nyuma,” muulize ameigusa wapi. Subaru, Mark X na magari mengine yenye mikono mingi nyuma yanarekebishika, na hayo yanahitaji magurudumu manne kweli.

Balansi ni kazi tofauti na hii, ingawa huuzwa pamoja. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hivi, hiyo ni balansi au rimu iliyopinda kwa shimo. Gari likivuta upande mmoja, hiyo ni alainimenti, au breki inayoshika, au tairi lenyewe. Badilisha matairi ya mbele kushoto kwenda kulia: mvuto ukihamia upande mwingine, kosa ni la tairi, nalo duka linapaswa kulibadilisha. Kuvuta kidogo sana kwenda kushoto kunasamehewa, kwani barabara zetu zimeinamishwa kuelekea ukingoni ili maji yatoke.

Ukishafungiwa

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Hewa ikipoa kwa nyuzijoto 5 au 6, hushuka kama PSI 1. Anayejaza Kondele, Kisumu, saa nane mchana akiwa ametoka safarini, akalala Molo kwenye baridi, ataamka na upepo pungufu bila pancha yoyote. Naitrojeni ya kulipia sikushauri. Hewa ya bure ya kituo cha petroli ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari.

Zungusha matairi kati ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na siku hiyo pitisha kiganja kwenye meno kabla hujalipia alainimenti nyingine. Kama yamelika sawa, huihitaji. Shimo kubwa lililokugonga rimu, tairodi mpya au shokabsoba mpya, hizo ni sababu za kurudi mapema. Na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana ya mkono, kwa mpangilio wa kuvuka, si kwa ile mashine ya upepo inayolia peke yake.